Lenzi ndefu haileti sahani ya angani
Wengi hapa Mwanza wanaamini kwamba bila lenzi ya kuvuta mbali hutapata picha ya chombo cha wageni wa angani. Sivyo, na inaniuma kuona vijana wakimaliza akiba kwa ajili hiyo. Usiku, ukivuta sana huku umeshika kamera mkononi, taa inachora mkia. Fokasi ikikosea, nukta ya sayari Zuhura inavimba na kuwa sahani safi ya duara. Nunua stendi ya miguu mitatu kwanza. Acha kamera itazame ziwa kwa sekunde 10 katika picha moja: ndege itaacha mstari wenye vidoa vya taa zake, Zuhura itabaki nukta. Na zile taa zilizojipanga majini usiku usio na mwezi? Wavuvi wa dagaa hao, jamani, na karabai zao!