Je, wajua mwalimu wa sekondari humwingizaje mwanafunzi katika kazi ya maisha yake?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mwalimu hufanya hivyo kwa mawaidha: humwita mwanafunzi ofisini, humwambia ana kipaji, humtajia udaktari au uhandisi, na kijana hutoka pale akijua atakuwa nani. Hata niliposoma kisa cha mwanafizikia Mmarekani Richard Feynman na mwalimu wake wa sekondari, Abram Bader, nilikijaza mawaidha hayo mimi mwenyewe. Nilipokirudia kwa makini nikakuta hayamo.

Feynman alimaliza sekondari mwaka 1935 huko Far Rockaway, New York. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku moja baada ya kipindi Bader alimwita, akamwambia anaonekana kuchoshwa na somo, hivyo angemweleza jambo la kuvutia. Hakumshauri kusomea fizikia. Wala haiwezi kusemwa kwamba alikigundua kipaji kilichojificha, kwa sababu baba yake alikuwa amemzoesha kudadisi tangu utotoni, na kabla hajawa mtu mzima Feynman alikuwa akiwatengenezea majirani redio. Tena ni Bader huyohuyo aliyemlalamikia kwamba anaongea mno darasani, akampa kitabu cha hisabati ya juu na kumtuma akae nyuma akisome. Ukiona kwa mbali ungedhani ni adhabu.

Jambo lenyewe aliloelezwa lilihusu jiwe. Ukirusha jiwe juu na kulidaka baada ya sekunde mbili, kuna njia zisizohesabika ambazo lingeweza kupita, lakini hufuata moja tu. Chukua mfano wa mnunuzi anayechagua soko: kadiri anavyokwenda mbali bei hushuka, lakini nauli hupanda, na kwa hiyo kuna umbali mmoja ambapo jumla ya gharama ni ndogo kuliko kwingine kote. Jiwe nalo, likipanda zaidi hupata nishati ya kimo, ambayo katika hesabu hii hutolewa kama punguzo la bei, lakini ili liwahi kufika huko na kurudi ndani ya sekunde zilezile mbili hulazimika kwenda kasi, na kasi ndiyo nauli. Ukitoa punguzo kwenye nauli na kujumlisha tofauti hiyo kwa kila kitambo cha safari, njia halisi ya jiwe ndiyo yenye jumla ndogo kabisa. Mnunuzi ana akili ya kupiga hesabu. Jiwe halina, na hapo ndipo pana ajabu.

Nadhani siri iko hapo. Katika kitendawili, anayeshindwa hutoa mji, mtegaji hufumbua, na mchezo huisha. Bader alitoa jibu ambalo halikumaliza mchezo: sheria ilikuwa wazi, lakini namna jiwe linavyoitii ilibaki kuwa fumbo. Mawaidha humpa mwanafunzi jina la kazi. Fumbo la aina hii humpa kazi yenyewe, kipande kidogo cha kuanza kushughulika nacho jioni ileile. Mwaka 1942 Feynman aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Princeton tasnifu ya udaktari kuhusu kanuni hiyohiyo katika ulimwengu wa chembe ndogo, na mtazamo uliotoka humo ni kana kwamba chembe hupita njia zote kwa pamoja. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965 aliipata, pamoja na wenzake wawili, kwa kazi ya baadaye katika fizikia ya chembe hizo.

Hata hivyo, ushahidi huu ni wa mtu mmoja, msimuliaji hodari, aliyeangalia nyuma akiwa tayari ameshafanikiwa. Wenzake waliofundishwa na Bader huyohuyo hawakuandikiwa visa.

Hapa kwetu Tanzania kipo kisa kinachokwenda kinyume. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu mmoja alimkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Aliyelichukua swali kwa uzito ni mgeni, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Kwa muda mrefu nilidhani Mpemba aliishia kuwa mwanafizikia, lakini alisomea uhifadhi wa wanyamapori na kuifanya ndiyo kazi yake. Fumbo lake aliwaachia wanafizikia, ambao mpaka leo wanabishana hata kama lipo.