Mto Indigirka: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

Mto Indigirka huanzia katika milima ya Yakutia, mashariki ya Siberia nchini Urusi, na kutiririka kilomita 1,726 hadi Bahari ya Siberia ya Mashariki, huku sehemu yake ya chini ikipita katika uwanda tambarare wa tundra, yaani nyika ya baridi isiyoota miti. Wengi huuhukumu kwa baridi yake tu, na wengi hukosea.

Hudhaniwa kwamba kadiri mto unavyoikaribia Aktiki ndivyo baridi inavyozidi. Vipimo vinakataa. Nyuzi 67.7 za Selsiasi chini ya sifuri zilirekodiwa Februari 1933 huko Oymyakon, kijiji kilicho upande wa juu wa mto, ilhali Chokurdakh, makazi yaliyo mamia ya kilomita kaskazini zaidi, huwa na Januari yenye nafuu. Oymyakon imo katika bonde lililozungukwa na milima, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutuama humo bila upepo wa kuiondoa. Pwani nayo hupata joto kidogo la bahari hata maji yanapofunikwa na barafu. Majira ya joto mambo hugeuka, bondeni kukawa na joto na pwani ikabaki na ubaridi.

Dhana iliyoenea zaidi ni ya mvua. Anayeutazama uwanda huo kutoka angani huona maziwa na vinamasi visivyo na idadi, akaamua kwamba mvua na theluji ni nyingi mno. Kwa kweli vyote viwili kwa mwaka mzima havifikii milimita 300, kiasi ambacho katika nchi ya joto kingeacha nyika kavu. Maji hubaki juu kwa sababu hayana pa kwenda: jua halina nguvu ya kuyakausha upesi, na chini ardhi imeganda kwa mamia ya mita, hivi kwamba majira ya joto huyeyuka tabaka la juu tu, ambalo aghalabu halifiki hata mita moja.

Ardhi hiyo iliyoganda si udongo mtupu. Kila majira ya baridi hupasuka, kisha maji ya theluji huingia katika nyufa na kuganda, na baada ya maelfu ya miaka ufa mwembamba huwa kabari ya barafu yenye upana wa mita kadhaa. Kwa hiyo mto unapopiga ukingo wa namna hii hauli mchanga peke yake, bali huyeyusha kile kinachoushikilia ukingo wenyewe. Maji huchimba pango kwa chini, juu hubaki ardhi inayoning'inia na nyasi zake, halafu bonge zima huporomoka mtoni. Katika kingo za Berelyokh, mto unaoingia Indigirka, yamepatikana maelfu ya mifupa ya mamothi, jamaa wa tembo mwenye manyoya aliyetoweka zamani.

Mifupa hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hoja nzuri kuliko zote dhidi ya wanaodhani kwamba katika zama za mwisho za barafu uwanda huu ulikuwa chini ya barafu nene kama Skandinavia. Baridi ilikuwepo, lakini hewa ilikuwa kavu mno, na theluji haikutosha kujilimbikiza. Palikuwa na mbuga ya majani iliyowalisha wanyama wakubwa.

Wengine husema mto huu umeganda mwaka mzima. Hufunikwa na barafu tangu Oktoba hadi mwishoni mwa Mei au Juni, lakini katika vina virefu maji hubaki chini yake, na wenyeji hutega nyavu humo. Hatari huja barafu inapovunjika: kwa kuwa mto unaelekea kaskazini, upande wa juu huyeyuka mapema, na mapande ya barafu hukwama mahali ambapo mto bado umefungika, yakasababisha mafuriko.

Si kweli pia kwamba delta haina watu. Mbali na Waeveni, Wayukaghir na Wayakut wanaoishi katika bonde la mto, wapo Warusi wa kijiji cha Russkoye Ustye, ambao wazee wao walifika karne ya 17. Mahali hapo hapaoti miti, hivyo nyumba zao za jadi, zenye mapaa bapa, zilijengwa kwa magogo yaliyoletwa na mto kutoka misitu ya kusini.