Unataka udaktari wa saikolojia ya mahakamani? Utaanzia wodini

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika meseji zinakuwa zilezile, "dokta mi nataka kusomea ile saikolojia ya kukamata wauaji", ukimuuliza ameijulia wapi ni kwenye tamthilia, sizoni ya nne. Hakuna ubaya, kila mtu ana kilichomvuta. Ila ile kazi ya kuangalia damu ukutani halafu unataja muuaji ana umri gani, ni ya watu wachache mno. Wengi wetu wanasaikolojia wa mahakamani siku zinaishia chumbani na mshtakiwa mmoja na faili nene mezani, halafu unaenda kuandika ripoti kurasa kibao.

Naongelea Marekani maana ndiko wengi mnakoulizia. Kule njia ya kawaida ni udaktari wa saikolojia tiba wenye mkazo wa mambo ya mahakama, mfano pale Sam Houston State, Huntsville, Texas, mji wa magereza kabisa. Maana yake kwanza unajifunza kuhudumia wagonjwa: sonona, skizofrenia, watu waliopitia mambo mazito, pamoja na takwimu (hapo ndo wengi wanalia). PhD inachukua kama miaka 5 mpaka 7, ndani yake kuna mwaka mzima wa intanshipu ambayo unaigombania na wanafunzi wa nchi nzima na unaweza kuangukia jimbo ambalo hujawahi kukanyaga. Kuna pia PsyD, aina nyingine ya udaktari wa saikolojia, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1968, yenyewe imeegemea zaidi kazi kuliko utafiti. Sasa mzazi sikiliza hapa: PhD nyingi zinakusamehe ada na kukupa posho ukifundisha au kufanya utafiti, PsyD nyingi unajilipia mwenyewe, ulizia kabla hujauza kiwanja. Ukimaliza bado kuna leseni, mtihani wa maswali 225 na masaa ya kazi chini ya msimamizi, California wanataka 3,000.

Na usidhani mahakama zilitupokea kwa mikono miwili. Kwenye kesi ya mshtakiwa mmoja hukohuko Marekani, Jenkins, jaji aliwaambia baraza la wazee wa mahakama (raia wanaoamua kesi) wasizingatie maoni ya wanasaikolojia kuhusu ugonjwa wa akili kwa sababu sio madaktari wa hospitali, mpaka mahakama ya rufaa ya Washington DC mwaka 1962 ikasema kukosa digrii ya udaktari wa tiba peke yake sio sababu ya kumfungia mtu mdomo. Kwetu Tanzania mshtakiwa anayedhaniwa ana ugonjwa wa akili anapelekwa Isanga, kituo cha wagonjwa wa akili wenye kesi kule Dodoma, na ripoti kawaida inatoka kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Sasa kinachowasumbua wanafunzi wazuri sio sheria. Sheria inasomeka: kesi ya Dusky ya 1960 inauliza je mshtakiwa leo hii anaelewa kesi yake na anaweza kuongea na wakili wake kwa akili, na hilo ni tofauti kabisa na swali la alikuwaje siku ya tukio, mtu anaweza kuwa alichanganyikiwa siku ile na leo yuko freshi, au kinyume chake. Kinachosumbua ni kwamba umefundishwa miaka mitatu kumsikiliza mtu ili apone, halafu unakaa na mtu ambaye sio mgonjwa wako, mteja wako ni mahakama au wakili, na inabidi umwambie kabla hamjaanza kwamba utakachoniambia kinaweza kuingia kwenye ripoti na mimi sijaja kukutibu. Wengine wanalisema haraka haraka kama tangazo la basi, kisha wanaanza kutikisa kichwa kwa huruma na yule mtu anasahau kila kitu anafunguka. Hapo sisi tunaowafundisha tunasimamisha zoezi.

Na kuna wanaoigiza ugonjwa. Vipimo vipo, wazo lake ni rahisi: kwenye maswali ya kuchagua moja kati ya mawili hata anayebahatisha anapata kama nusu, sasa wewe ukishuka chini sana ya nusu ina maana majibu ulikuwa unayajua ukayakwepa. Ila hata hapo mwanafunzi haruhusiwi kuandika "huyu muongo" akafunga faili, maana anayeigiza naye anaweza kuwa anaumwa kweli. Unaandika ulichokiona, ulichopima, na ambacho hukuweza kukijibu, halafu unavaa suti unaenda mahakama ya mazoezi ambapo mwenzio wa kitivo cha sheria ana masaa mawili ya kukuvuruga.