Bodi ya faiba haimaanishi bagi halina kutu

"Hii ni faiba, haishiki kutu. Piga rangi uendeshe." Hapa Nakuru, mtu akiuza bagi kuukuu, lile gari la mchangani lisilo na milango, hakosi kukwambia hivyo. Ni kweli kwa bodi, maana faiba ni plastiki yenye nyuzi za kioo. Bodi basi.

Bruce Meyers alipoanza kuyaunda California mwaka 1964, mabagi yake ya mwanzo hayakukalia sakafu ya Volkswagen Beetle. Gharama ndiyo iliyomfanya aigeukie: sakafu ya chuma inakatwa, inafupishwa kama sentimita 36, kisha inachomelewa. Waigaji wakafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo chini ya faiba inayong'aa kuna chuma cha Beetle, pengine cha miaka hamsini.

Usianze na rangi. Inua zulia, chukua bisibisi, gonga upande wa kulia nyuma, mahali Beetle huweka betri. Asidi hudondoka hapo miaka nenda miaka rudi. Ikilia kwa ukali, chuma kipo. Bisibisi ikizama, unanunua biskuti. Langu lilikuwa limezibwa bati na kupakwa lami, na mimi nilishalipa!

Halafu lala chini uangalie mshono wa kufupishia. Fundi mzuri wa jua kali anaweza kubadilisha sakafu, lakini mshono uliopinda huvuta gari upande mmoja hata ufunge tairi mpya. Namba ya chesisi nayo imegongwa karibu na hapo, nyuma, juu ya uti wa sakafu, lile tuta la katikati. Ilinganishe na logibuku kabla hujatoa hata shilingi.