Mitambo kutoka nje na ajira za viwandani: tunayoamini na yaliyopo

Kiwanda kipya kinapozinduliwa, hotuba hutaja kwa pumzi moja mitambo ya kisasa kutoka nje na maelfu ya ajira kwa vijana. Viwili hivyo haviambatani kila mara, na vijana wanaosubiri getini wanastahili kuelezwa hivyo waziwazi.

Dhana: Mtambo ukiwa mpya zaidi, ajira nazo zitaongezeka.

Anayebuni mtambo Ujerumani au Japani anafikiria mishahara ya kwao, ambayo ni mikubwa. Kwa hiyo hubuni mashine ya kupunguza watu. Sisi, wenye watu wengi na mitaji haba, tunainunua ilivyo. Wachumi Xinshen Diao, Mia Ellis, Margaret McMillan na Dani Rodrik walichunguza viwanda vya Tanzania na Ethiopia. Walikuta kwamba viwanda vikubwa vinaongeza tija bila kuongeza sana ajira, huku vile vidogo vikiajiri watu wengi lakini tija yao haipandi. Thamani ya mitambo kwa kila mfanyakazi katika viwanda hivyo vikubwa ilikaribia ile ya Jamhuri ya Cheki, nchi iliyotuzidi utajiri mara nyingi.

Jambo hili si geni kwetu. Miaka ya 1960 Tanzania ilijenga viwanda viwili vya nguo karibu kwa wakati mmoja. Urafiki, pale Ubungo, kilijengwa kwa msaada wa China na Mwalimu Nyerere akakifungua mwaka 1968. Mwatex ya Mwanza ilisanifiwa na Wafaransa, kwa mitambo iliyohitaji mikono michache. Urafiki ndicho kilichoajiri watu wengi zaidi. Vyote viwili vililetewa teknolojia kutoka nje; tofauti ilikuwa ni teknolojia ipi iliyochaguliwa, na nani aliyeichagua. Inaniuma kuona kwamba hadi leo swali hilo haliulizwi kabla ya mkataba kutiwa saini.

Dhana: Mashine ndizo zilizoua viwanda vyetu vya nguo.

Hapana. Wengi waliopoteza kazi Mwatex, Mutex ya Musoma au KICOMI ya Kisumu hawakuondolewa na mtambo mpya. Mitambo ilichakaa, fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikupatikana, na soko lilipofunguliwa mitumba na vitambaa vya bei nafuu vikamiminika. Kukosa teknolojia nako hufukuza watu kazini.

Dhana: Roboti zitamaliza kazi zote, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na viwanda.

Inategemea ni kazi gani. Chukua pamba yenyewe. Katika kusokota uzi, zamani mfanyakazi alitembea kutwa kati ya safu za mashine, akitafuta uzi uliokatika na kuuunga kwa vidole. Mashine za sasa hugundua zenyewe uzi uliokatika na kuunga ncha mbili kwa hewa yenye shinikizo. Ukumbi mzima huendeshwa na watu wachache. Anayeahidi maelfu ya ajira kwenye kusokota uzi anaahidi kisichokuwepo.

Kushona ni habari nyingine. Kitambaa ni laini, hujikunja na kuteleza, na kila kipande hulala kivyake. Kulinganisha pindo la mkono wa shati na tundu la bega, kisha kulizungusha chini ya sindano bila kuacha mkunjo, ni kazi ambayo vidole vya binadamu bado vinaimudu kuliko mashine. Ndiyo maana kumbi za viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, zimejaa mafundi wa cherehani. Adidas ilijaribu kurudisha utengenezaji wa viatu Ulaya na Marekani kwa roboti, huko Ansbach na karibu na Atlanta. Mwaka 2019 ikatangaza kwamba inavifunga viwanda hivyo viwili na kupeleka teknolojia yake kwa wasambazaji wake wa Asia.

Dhana: Ukinunua mtambo, umepata teknolojia.

Hapa ndipo tunapopoteza zaidi. Mwaka 1978 kampuni ya nguo ya Desh ya Bangladesh iliingia mkataba na Daewoo ya Korea Kusini. Kabla cherehani hazijaanza kazi, watu wapatao 130 walipelekwa Korea wakajifunza kwa miezi kadhaa kukata, kushona, kukagua ubora na kusimamia uzalishaji. Baadaye wengi wao waliondoka Desh, wakaanzisha viwanda vyao au kuajiriwa kwingine, nao ujuzi ukaenea nchi nzima. Leo sekta ya nguo Bangladesh inaajiri takriban watu milioni 4. Cherehani zilezile yeyote angeweza kuzinunua.

Linganisha na kiwanda ambacho mtambo ukikwama, kazi inasimama hadi fundi atue kwa ndege kutoka nje. Wafanyakazi hurudishwa nyumbani, na vibarua hawalipwi siku hizo. Mkataba wa kununua mitambo unaweza kutaja idadi ya mafundi wazawa watakaofunzwa, muda wa mafunzo, na vipuri vitakavyochongwa hapa nchini, kama unavyotaja bei na tarehe ya meli kufika bandarini.