Unasomaje bei ya hisa za kampuni ya hundi tupu?

Wananchi wanatuuliza sana kuhusu "hisa za Kabanga", kwa hiyo tuweke hili sawa kwanza. Mradi wa nikeli wa Kabanga, kule Ngara, hauna hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kilichopo ni hisa za kawaida za Lifezone Metals, zilizoanza kuuzwa Soko la Hisa la New York tarehe 6 Julai 2023, kampuni hiyo ilipoungana na GoGreen Investments. GoGreen ilikuwa kampuni ya hundi tupu, yaani SPAC: inachangisha fedha kwanza, biashara ya kuungana nayo inaitafuta baadaye.

Hisa za kampuni za namna hii kwa kawaida hutolewa kwa dola 10, na fedha hukaa kwenye akaunti ya amana. Ndiyo maana kabla ya muungano bei huzunguka hapo hapo. Ikiongezeka senti chache, mara nyingi ni riba. Msituandikie kwamba "inapaa". Digital World, nayo kampuni ya hundi tupu, ilifunga siku kwa dola 94.20 tarehe 22 Oktoba 2021, siku mbili tu baada ya kutangaza muungano na kampuni ya Donald Trump. Amana haikuongezeka kwa sababu ya kelele hizo.

Muungano ukipangwa, mwenye hisa ana haki ya kuzirudisha na kulipwa fungu lake la amana. Utaratibu uko kwenye waraka wa mkutano wa wanahisa wa kupigia kura muungano. Maombi ya maandishi hupelekwa kwa wakala wa usajili, na hisa zenyewe hukabidhiwa kupitia dalali, kwa kawaida siku mbili za kazi kabla ya mkutano. Dalali naye huweka mwisho wake, wa mapema zaidi. Ukichelewa, haki imepotea na hakuna rufaa. Kuuza sokoni hakuhesabiwi kuwa ni kurudisha, na waranti, yaani haki za kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa, hazina haki hiyo kabisa, hata kama ulizipata pamoja na hisa.

Wengi wakirudisha, amana hupungua huku hisa za waanzilishi, ambazo kwa kawaida hulipiwa dola 25,000 tu kwa jumla, zikibaki; fedha zilizo nyuma ya kila hisa hupungua. Kwa hiyo usitazame bei peke yake. Tafuta taarifa ya fomu 8-K, ambayo kampuni huiwasilisha kwa mamlaka ya masoko ya Marekani, usome hisa ngapi zimerudishwa na ngapi zimebaki.

Halafu kuna chati. Swvl, ambayo mabasi yake madogo wakazi wa Nairobi waliyapanda, iliingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani, mwaka 2022 kwa njia hii hii. Januari 2023 iliunganisha kila hisa 25 kuwa moja. Chati hurekebisha bei za nyuma, kwa hiyo dola 10 ya zamani husomeka kama 250. Mtu mmoja alituletea picha ya chati ya namna hiyo kwenye simu yake, akidai "itarudi tu kwenye 250". Hairudi mahali ambapo haijawahi kufika.

Anayekuuzia hisa hizi kwenye kundi la WhatsApp mwombe namba ya leseni, uihakiki kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla ya kutuma fedha. Wanaokuja kwetu wakiwa wameshatuma, mara nyingi tunaishia kuchukua maelezo yao.