Keki haifungi ndoa

Kwenye vikao vya harusi utasikia: “Bila keki, ndoa haijakamilika.” Si kweli. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka hiari ya wawili hao na mashahidi wasiopungua wawili, keki haimo. Ile keki nyeupe ya ghorofa ni desturi iliyotoka Uingereza, enzi ambazo sukari nyeupe ilikuwa ghali na dalili ya ukwasi.

Wachaga wana ndafu: mbuzi mzima wa kuchoma, amekaa kwenye sinia, majani mdomoni. Maharusi humkata na kulishana vilevile, ukumbi ukilipuka kwa vigelegele. Inaniuma sana familia inapokopa ili ipate ghorofa tano, na mara nyingi baadhi yake ni maboksi yaliyopakwa sukari tu.